Mshale Niliowakataza Watu Kuugusa

Juzi kijana mmoja wa hapa Rubavu alinikuta nimesimama nyuma yake nikichungulia simu yake. Alikuwa anacheza mpira na mtu wa nchi ya mbali asiyemjua hata jina. Akaniuliza kwa huruma, kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Maman, zamani hamukuwa na internet. Mulikuwa munachezaka peke yenu?"

Nilitaka kumzaba kibao. Nikakumbuka umri wangu, nikamwambia asogee, nikakaa. Haya ninayowaandikia ni yale niliyomweleza siku ile, pamoja na mengine ambayo sikupata nafasi ya kumweleza kwa sababu aliitwa kwao kula.

Mimi niliendesha chumba cha michezo ya televisheni hapa Gisenyi, mji wetu wa Rubavu, Rwanda, kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini mpaka magoti yaliponiambia basi. Nimezaliwa na kukulia Kigoma, wazazi wangu wakiwa wakimbizi wa zamani, nikarudi huku na mume wangu na binti yetu Neema. Ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka, na wateja wangu hawakuacha kunicheka kwa hilo. Walisema Maman Neema anaongea kama redio. Nami niliwajibu kwamba redio huwa inazimwa na mwenyewe, kwa hiyo wanyamaze.

Kazi hii sikuipanga. Nilikodi chumba ili nionyeshe filamu za video, lakini kila aliyekuja alikuwa ameshaziona Goma, ng'ambo tu ya mpaka. Binamu wa mume wangu akatuletea kutoka safarini mashine mbili za kijivu za michezo na mfuko wa plastiki uliojaa sidii. Filamu zikafa, michezo ikabaki.

Ninyi mnapakua mchezo, na kabla haujaanza unawaonyesha kwa kidole: finya hapa, kimbia pale. Sisi hatukuonyeshwa kitu. Zile sidii zilikuwa za Kijapani. Ukiwasha, inakuja orodha ya mistari mitano au sita ya maandishi yanayofanana na vijiti vya kuwashia moto, na ndani ya chumba kizima hakuna anayejua hata herufi moja. Nilijifunza kwa kuhesabu. Mstari wa kwanza, finya kitufe cha duara, mchezo unaanza. Nikaandika kwenye daftari: mpira, mstari wa kwanza, magari, mstari wa kwanza, ngumi, mstari wa kwanza. Na kwa sababu mstari wa kwanza ulitosha kuwaridhisha watu, hakuna aliyejisumbua kushuka chini. Tuliishi juu ya orodha kama watu waliojengewa nyumba ya vyumba sita wakakaa sebuleni.

Nitoe mfano, ingawa unanitia aibu. Mchezo wa magari tuliucheza kwa zamu karibu mwaka mzima. Mmoja anakimbiza gari peke yake, mwingine ameshika saa ya mkononi anapima, kisha wanabadilishana. Ugomvi wote ulihusu saa. Mpimaji kachelewa kubonyeza, mpimaji ni ndugu yake, mpimaji kapiga chafya. Tuliona huo ndio mchezo ulivyo.

Aliyetuzindua ni Papa Mapendo, fundi redio wa Goma. Alikuwa akivuka mpaka karibu kila asubuhi na vifaa vyake ndani ya kopo la biskuti. Ndiye aliyenifundisha nusu ya ninayoyajua. Mashine ikikataa kusoma sidii, alinionyesha kuigeuza, tumbo juu mgongo chini, na inasoma. Msicheke, ilifanya kazi, na kwa miaka miwili mashine yangu moja haikuwahi kukaa vizuri kama mashine za watu. Picha ikitoka nyeusi na nyeupe, nami niko tayari kumlaani aliyetuletea sidii, alinionyesha kwamba televisheni ilikuwa na lugha yake na sidii lugha yake, na kuna kitufe cha kuzipatanisha. Kabla ya hapo tulicheza mpira miezi minne timu zote mbili zikiwa na jezi za kijivu.

Siku aliyotuzindua alikuja kutengeneza plagi, akaona vijana na saa yao, akasimama kuangalia. Akaomba maneti, yaani kile kishikio cha kuchezea. Akashuka mstari wa pili, akafinya duara. Kioo kikakatika katikati: juu gari moja, chini gari lingine. Mimi niliamini televisheni imekufa, nikaruka na kuchomoa waya ukutani. Papa Mapendo alicheka mpaka akakaa chini.

Akaniambia maneno ambayo nimeyatumia maisha yangu yote, hata jikoni: "We maman unafinyaka haraka sana. Hii machine iko na mambo mingi, unatumikisha moja tu."

Kuanzia hapo nikaanza kushuka kwenye orodha. Kila asubuhi kabla ya kufungua nilijaribu mstari mmoja na kuuandika. Nikagundua mchezo wa ngumi ulikuwa na mapigano ya kikundi kwa kikundi, watu watatu wakipokezana kila upande. Nikagundua yale matundu ya nyuma ya mashine, ambayo mimi nilikuwa nimeyaziba kwa nta ya mshumaa ili mende wasiingie kutafuta joto, yalikuwa ya waya wa kuunganisha mashine mbili, kila mchezaji na televisheni yake, hakuna wa kumchungulia mwenzake. Nilitumia sindano na nusu siku kuitoa ile nta. Vijana, kama kuna jambo moja la kazi mnaloweza kuchukua kwangu, ni hili: usizibe tundu ambalo hujui ni la nini.

Lakini mchezo mkubwa ulikuwa mpira, na kwenye mpira nilijiona najua yote.

Chumba kilikuwa na desturi yake: anayeshinda anabaki, anayeshindwa anainuka. Viti viwili, maneti mbili, na nyuma yake foleni. Kipenga cha mwisho kikilia, chumba kizima kilimwambia aliyefungwa neno moja tu: "Inuka." Walilisema pamoja, kwa raha, na kulivuta mwishoni. Hata mimi nililisema. Niliona ni utani.

Sasa, baada ya kuchagua timu, kabla mpira haujaanza, ulikuja ukurasa mdogo wenye picha mbili za maneti, moja kushoto na moja kulia. Ukigusa mshale, picha inahama. Mwanzoni watu waliugusa bila kujua, wakajikuta wanaendesha timu isiyo yao. Kuna mmoja alijifunga mabao matatu akishangilia, kabla mtu hajamhurumia na kumwambia. Kwa hiyo nikaweka sheria. Kiti cha kushoto ni timu ya kushoto, kiti cha kulia ni timu ya kulia, na ukurasa ule unapitwa moja kwa moja. Nikachukua kipande cha katoni, nikaandika kwa herufi kubwa HAPA USIGUSE MSHALE, nikakibandika juu ya televisheni. Nilijivunia sana katoni ile.

Wachezaji wawili walikuwa hawakamatiki: Kazungu na Désiré, wote wa miaka kumi na saba au kumi na minane. Kazungu alizaliwa Goma, familia yake ilirudi Rwanda mwaka mmoja na yetu. Désiré ni wa hapa hapa, wa mtaa wa Nengo. Wakikutana kwenye viti, watu waliacha kula. Tatizo ni kwamba hawakujua kucheza na kumaliza. Mmoja akishinda, mwingine hainuki. Mara mbili walishikana mashati. Mara ya tatu, siku ya Jumanne, Désiré alishinda, chumba kikaimba neno lake, naye akageuka na kumwambia Kazungu usoni, polepole: "Inuka, si kwenu hapa."

Kazungu alivuta maneti kwa nguvu, waya ukaja na mashine, mashine ikaja na meza. Mimi niliidaka televisheni kwa kifua. Walipigana mpaka nje barabarani.

Jioni ile alikuja Mzee Gaspari, mwenye nyumba, mzee wa maneno machache aliyefanya biashara ya viazi kutoka Bugeshi na Mudende. Alinieleza bila kupandisha sauti kwamba anahitaji ghala, na kwamba chumba changu kikiona ugomvi mwingine mmoja tu, kitakuwa ghala Jumatatu inayofuata. Nilianza kujitetea, nikasema ni watoto tu, ni mambo ya mpira. Akanitazama kama mtu anayetazama mgeni.

"Hujue?" akasema. "Famille ya Kazungu ndiyo ilikuwa inakaa kwa nyumba ya kina Désiré. Hawa ba Désiré walikuwa wamekimbia, nyumba ilibaki wazi, wale wakaingia. Bon, wenyewe wakarudia, wale wakatoka. Mi nilikuwa pale siku wanatosha bintu byao inje. Yule Kazungu alikuwa wa mwisho kutoka."

Niliona haya, nawaambia ukweli. Miaka ile kila mtu mjini alikuwa ama anatafuta pa kukaa, ama anarudi alipokuwa akikaa, na hakuna aliyekuwa na kosa la kutaka paa. Mimi mwenyewe nilijua maana ya kuhama na vyungu kichwani. Na bado nilisimama mle ndani kila siku nikiwaimbia watoto wa watu wainuke, nikicheka.

Nilikuwa na siku chache kabla hawajashikana tena. Ningeweza kuwafukuza wote wawili, na mume wangu alinishauri hivyo. Lakini ukimfukuza Kazungu umemwambia lile lile aliloambiwa, na ukimfukuza Désiré atasema amefukuzwa kwa ajili ya Kazungu. Ningeweza kufuta mpira, na chumba kingekufa kabla viazi havijafika. Sikulala vizuri, na asubuhi ya Jumatano nilikuwa nasafisha maneti kwa kitambaa, mashine inawaka, nikiwaza nitawaambia nini wateja.

Kitambaa kikabana mshale. Nikainua macho. Ule ukurasa niliokuwa nimewakataza watu ulikuwa mbele yangu, na picha zote mbili za maneti zilikuwa zimekaa upande wa kushoto.

Nikafinya duara ili nione kitatokea nini. Mpira ukaanza. Nikashika maneti ya kwanza, mchezaji wa bluu akakimbia. Nikashika ya pili, mchezaji mwingine wa bluu akakimbia. Wale wa njano walikuwa wanaendeshwa na mashine yenyewe. Nikajaribu zote mbili kwa pamoja, moja mkononi na nyingine mapajani, nikampa pasi mimi mwenyewe, nikaikosa. Watu wawili, timu moja. Jambo hilo lilikuwapo tangu siku ya kwanza, na mlinzi aliyelifungia mlango alikuwa mimi na katoni yangu.

Nilijiona nimeokoka. Mchana wa siku hiyo nikawajaribu vijana wawili marafiki, ambao hawajawahi kununiana. Mungu wangu. Hawakumaliza kipindi cha kwanza. Kila mmoja alimpora mwenzake mpira, kila mmoja alitaka kufunga yeye, wakaitana wachoyo, wakaondoka kwa milango tofauti, nami nina mlango mmoja tu. Mwingine alipita dirishani. Nikaketi nikajiuliza. Kama marafiki wamefika huko, hao mahasimu je?

Papa Mapendo alipokuja Alhamisi nikamweleza yote. Alicheza na mimi mechi mbili. Tulishinda zote kirahisi, na nikagundua kwamba kwenye ya pili mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kumnyima mpira. Naye aliona.

"Machine iko mulegevu," akasema. "Ukimuzoea, unaanza kutafuta adui karibu. Mupandishe nguvu mpaka mwisho. Waache wapigwe bote babili."

Nikashuka kwenye orodha, mstari wa tano, pale pa nguvu ya mashine, nikapandisha mpaka juu kabisa. Tukacheza tena, tukafungwa sita. Hatukupata hata dakika ya kulaumiana. Hiyo nayo iwekeni kwenye daftari zenu, ninyi mnaotengeneza michezo na mnaoongoza watu pia.

Jumamosi saa nane mchana chumba kilijaa mpaka mlangoni. Nilimwalika Mzee Gaspari mwenyewe, nikamweka kwenye benchi la nyuma na mwavuli wake. Wengine walisema nimejichimbia kaburi. Nikaibandua ile katoni. Nikawaita wawili hao kwa majina, nikawaambia nawapa mechi mbili za bure. Walikaa bila kutazamana. Nikagusa mshale mimi mwenyewe.

Désiré aliuliza kama Kazungu yuko upande wake. Nikamjibu kwamba wako upande mmoja, na mashine upande wa pili. Kazungu akauliza, bila kugeuza shingo: "Na mwenye anapoteza?"

Nikamwambia tutaona, na moyoni sikuwa najua.

Kipindi cha kwanza walifungwa mawili. Kila mmoja alicheza kana kwamba mwenzake hayupo, na mashine iliwapita kama wamesimama. Nyuma yangu watu hawakujua la kufanya. Walizoea kugawanyika, nusu huku nusu kule, na sasa hakukuwa na wa kumshangilia ili kumuudhi mwingine. La tatu lilipoingia, mtu mmoja alisema kwa uchungu kwamba tunafungwa. Nilisikia vizuri. Alisema tunafungwa, sisi.

Kisha Désiré akabanwa kwenye kona na watu watatu wa njano. Kazungu alikuwa wazi mbele ya goli. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi: "Nipe."

Désiré akampa. Bao.

Sina namna ya kuwaeleza kelele zile. Watu waliokuwa barabarani waliingia wakidhani kuna ajali. Mzee Gaspari alikuwa amesimama, mwavuli mkononi, akimfokea mwamuzi ambaye ni picha. Tulifungwa moja kwa nne, na sijawahi kuona watu wanashangilia hivyo kwa kufungwa manne.

Halafu kipenga cha mwisho kikalia. Kila mtu alikuwa na lile neno mdomoni na hakuna aliyejua amwambie nani. Wale wawili walikaa wakiwa wameshika maneti, wakisubiri. Mzee Gaspari akauliza kutoka nyuma: "Sasa nani anainuka?"

Nikamjibu kwamba aliyeshinda ni mashine, na mashine haina kiti, kwa hiyo leo hakuna wa kuinuka.

Mzee alicheka. Tangu nimjue nilikuwa sijaona meno yake. Akavaa kofia, akanishika bega. "Birayi haigombanaka," akasema, akimaanisha viazi vyake. "Lakini haichekaka pia." Akatoka kwenda kutafuta ghala upande wa soko, nami nikarudi mezani.

Nilikuwa bado pale, najifanya nanyoosha waya, ndiyo maana nilisikia. Kazungu aliuliza, macho kwenye kioo: "Ile muti ya kinyomoro yenye nilipandaka nyuma ya cuisine, iko?"

Kinyomoro ni mti mfupi wa matunda mekundu yenye uchachu. Ukiupanda unangoja mwaka mmoja na zaidi ndipo ule. Akina Kazungu walitoka kwenye nyumba ile, na jiko lile, kabla haujazaa.

Ule ukurasa wa mshale ulikuwa umesharudi kwa ajili ya mechi ya pili, na Désiré alifinya mshale kushoto, kulia, kushoto. Ile picha ndogo ya maneti ilihama na kurudi.

"Iko," akasema. "Inazaa mpaka inaanguka chini." Kisha akasema: "Kuya uchume."

Kazungu aliweka maneti yake kwenye kiti, na Désiré akaweka ya kwake. Watu walijibana ukutani wakawapisha, wakatoka wakashika njia ya Nengo. Walikuwa bado na mechi moja ya bure, lakini sikuwaita.